Kitabu Kinachovumilia Mawimbi

Watu wanaojiandaa kwa mapumziko ya melini hupanga nguo kwa uangalifu mkubwa kuliko vitabu. Nguo huchaguliwa kwa kufikiria jua, upepo na karamu za jioni. Kitabu huchaguliwa kwa kufikiria deni: ile riwaya nene iliyokaa rafuni miaka mingi bila kumalizwa, au ule wasifu wa kiongozi ambao kila mtu amekwisha kuusoma. Msafiri hujiambia kwamba wiki nzima ya bahari itatosha kulilipa deni hilo, na mara nyingi kitabu hurudi nyumbani alama ikiwa bado kwenye sura ya pili. Si kwamba msafiri ni mvivu. Amechukua kitabu kinachotaka utulivu akakipeleka mahali pasipo na utulivu. Melini pana kitabu chake, nacho ni kitabu chepesi chenye kisa cha kusisimua. Wepesi huo ni ufundi kamili, na anayeujua ufundi huo atachagua vizuri.

Tuanze na meli yenyewe. Kwa mbali safari hii inaonekana kama siku ndefu zisizo na kazi, lakini siku ya abiria wa meli ya kitalii imekatwa vipande vipande. Kuna saa za chakula, matangazo ya kipaza sauti, bandari inayotokeza asubuhi na kuachwa jioni, muziki, watoto bwawani, na jirani wa kiti cha pili anayetaka mazungumzo. Halafu kuna bahari. Meli kubwa za siku hizi zina mapezi ya kupunguza kuyumba, lakini hakuna chombo kisichokwenda mrama kabisa. Mtu akiinamia ukurasa, macho yake yanaiambia akili kwamba ametulia, huku sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mwendo na mizani ya mwili, likitoa habari ya kuinuka na kushuka. Ushahidi huo wa pande mbili usiopatana ndio huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Dawa yake ya kwanza haina gharama: kaa katikati ya meli, mbali na omo na tezi, chini kuliko juu, na kila baada ya muda inua macho uitazame mbingu inapokutana na maji. Kwa hiyo msomaji wa baharini atainua macho, apende asipende. Swali la kujiuliza kabla ya kununua kitabu ni hili: nikiinua macho mara ishirini, je, nitakapoyarudisha nitaikuta hadithi pale nilipoiacha?

Vipo vitabu vilivyoundwa tangu mwanzo vistahimili kukatizwa. Mfano mkubwa kuliko yote ni Alfu Lela Ulela, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua kwa tafsiri kwa muda mrefu. Mpango wake mzima umejengwa juu ya kukatizwa: Shahrazad anasimulia usiku, kukipambazuka ananyamaza kisa kikiwa kimeshika moto, na mfalme hawezi kumuua kwa sababu anataka kujua kilichofuata. Msimulizi wa namna hiyo hawezi kutegemea kumbukumbu ndefu ya msikilizaji wala kumchosha kwa maelezo. Ni lazima kila kipande kiwe na tukio, na kila tukio liache swali. Ndani ya mkusanyiko huo kuna safari saba za Sindbad baharia, anazomsimulia Sindbad mpagazi, kila siku safari moja. Safari nyingi za meli za kitalii huchukua usiku saba. Mtu akitaka ratiba ya kusoma iliyotengenezwa tayari, na inayozungumza habari za visiwa, dhoruba na mizigo iliyopotea, hatapata iliyo bora zaidi.

Jamii ya pili ni riwaya ya upelelezi, nayo ina sababu ya pekee ya kupendeza melini. Mwaka 1937 Agatha Christie alichapisha Death on the Nile, ambamo mpelelezi wake Hercule Poirot anasafiri kwa meli katika mto Nile na mauaji yanatokea humo ndani. Christie alijua kwamba meli ni nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Muuaji hawezi kuingia kutoka barabarani wala kutoroka usiku, kwa hiyo yuko miongoni mwa watu wale wale wanaokaa meza za jirani wakati wa chakula. Msomaji aliyeko melini anauelewa mpaka huo bila kuelezwa. Kwa Kiswahili tunaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na kwa kitabu hicho Bwana Msa, mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, waliingia katika fasihi yetu. Baadaye zikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo. Mfululizo wa aina hii humfaa sana msafiri. Ukiwa umekwisha kumjua mpelelezi na tabia zake, kitabu cha pili hakikudai tena juhudi ya kuzoea watu wapya. Unaingia moja kwa moja kwenye fumbo.

Hapa atasimama mtu na kusema kwamba hizi ni hadithi za kupoteza wakati, kwamba fasihi pendwa ni takataka iliyofungwa kwa jalada la kuvutia. Hoja hii ina historia ndefu katika vyuo na magazeti yetu, na inastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba vipo vitabu vyepesi vibovu, vilivyoandikwa haraka, ambamo mwanamke hana kazi ila kutamanika na risasi hazimpati shujaa. Lakini ubovu huo ni wa mwandishi. Aina ya kitabu haina hatia. Chukua Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Kufa na Kupona ni kitabu cha mbio na hatari, msomaji hakiachi, na bado kilichoibwa humo ni siri zinazohusu ukombozi wa Afrika. Kikosi cha Kisasi nacho kinampeleka msomaji Kinshasa. Kijana wa miaka ya 1970 na 1980 aliyesoma vitabu hivyo kwa sababu ya msisimko alijifunza pia kwamba mapambano ya Kusini mwa Afrika yalimhusu yeye. Vivyo hivyo na Ben Mtobwa, ambaye Joram Kiango wake aliwafanya maelfu ya vijana wamalize kitabu kizima kwa mara ya kwanza. Kuwapa watu tabia ya kumaliza vitabu ni utumishi mkubwa kwa lugha, na inasikitisha kwamba waandishi hawa waliheshimiwa kidogo kuliko walivyosomwa.

Uingereza ilipata funzo hilo hilo mapema. Inasimuliwa kwamba mchapishaji Allen Lane, akirudi London kutoka kumtembelea Agatha Christie huko Devon, alitafuta kitu cha kusoma katika kituo cha treni cha Exeter asipate kinachofaa. Mwaka 1935 akaanzisha Penguin kwa vitabu kumi vya jalada laini, kila kimoja kwa peni sita za Kiingereza, bei ya pakiti ndogo ya sigara. Miongoni mwa hivyo kumi alikuwamo Ernest Hemingway, na alikuwamo Christie pia. Lane hakuwatenga wasomaji wa safari wala kuwadharau. Aliwapa wepesi uliochaguliwa kwa makini, na hicho ndicho ninachokitetea.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa mtu mwenye kazi na familia, likizo ndiyo nafasi pekee ya kusoma kitabu kikubwa, kwa nini aitumie kwa hadithi za mauaji? Nakubali kwamba nafasi ni adimu. Lakini fikiria Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu kifupi kwa kurasa na kigumu kwa maana, ambamo wakati, ndoto na falsafa vimesukwa pamoja. Kukisoma kwa vipande vya dakika kumi, huku matangazo ya chakula yakipita, ni kumkosea Kezilahabi na kujikosea mwenyewe, kwani msomaji atakiweka chini akidhani hana akili ya kutosha, kumbe hakuwa na kimya cha kutosha. Kitabu hicho kinastahili usiku wa nyumbani. Anayetaka uzito kidogo baharini achukue Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mapenzi na siasa za Zanzibar ya wakoloni, ambayo kisa chake kinakwenda kwa nguvu zake chenyewe.

Wengine watauliza kwa nini tubebe vitabu wakati simu imejaa filamu. Intaneti ya katikati ya bahari hutegemea setilaiti na mara nyingi hulipiwa ghali, na kioo cha simu hakisomeki vizuri kwenye jua la sitaha. Ukipenda vitabu vya kielektroniki, vipakue kabla ya kuondoka bandarini. Na usitegemee maktaba ya meli: hata Queen Mary 2, yenye maelfu ya vitabu, si mahali pa kwenda kumtafuta Bwana Msa. Msomaji wa Kiswahili, awe anapanda meli ya kitalii Mombasa au anavuka usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba, abebe chake.

Ukiwa dukani, basi, soma ukurasa wa kwanza ukiwa umesimama, katikati ya kelele za wateja. Ukifika mwisho wake bila kujilazimisha, na ukataka wa pili, umekipata. Angalia sura ziwe fupi na herufi ziwe kubwa za kutosha kwa macho yanayotikiswa. Chukua viwili au vitatu vyembamba badala ya kimoja kinene, ili kimoja kikikuchosha uwe na kingine. Na ukimaliza, mpe abiria mwenzako anayesoma Kiswahili, kwa sababu vitabu vya Abdulla na Musiba si rahisi kuvipata madukani siku hizi, na wachapishaji watavirudisha pale tu watakapoona vinaulizwa.