Homa wakati wa ugonjwa mpya: usikae nayo nyumbani



Ugonjwa mpya ukitangazwa redioni, maisha yetu hubadilika kabla ugonjwa wenyewe haujafika. Watu huacha kupeana mikono. Foleni ya chakula hupangwa upya. Anayekohoa kwenye bomba la maji hutazamwa vibaya. Na mzazi ambaye mtoto wake amechemka usiku huanza kujiuliza: nikimpeleka kliniki, je, watasema ana ugonjwa ule? Watamchukua? Majirani watatukimbia?

Makala haya yanahusu wasiwasi huo wa mzazi. Jibu kwa ufupi ni hili: hapa Nchelenge, mtu mwenye homa, na hasa mtoto, apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama dunia nzima inazungumzia ugonjwa mwingine. Hapa chini tunaeleza kwa nini.

1. MAMBO YALIVYOKUWA MWAKA 2020

Tukumbuke kwanza jinsi korona ilivyoanza kwetu. Tarehe 10 Machi 2020 Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, mjini Kinshasa. Kesho yake Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba ugonjwa huo sasa ni wa dunia nzima. Tarehe 18 Machi Zambia ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza, mume na mke waliorudi kutoka Ufaransa. Tarehe 20 Machi shule za Zambia zilifungwa. Tarehe 24 Machi Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura na mipaka ya Kongo ikafungwa. Hata safari za wakimbizi kwenda nchi ya tatu zilisimamishwa mwezi huo wa Machi, zikaruhusiwa tena mwezi wa Juni.

Kwa hiyo katika muda wa wiki mbili tu maswali mengi yalimwangukia mkimbizi kwa pamoja. Watoto watarudi shule lini? Ndugu waliobaki Pweto na Moba wako salama? Chakula kitaendelea kuja? Safari tuliyoingoja miaka imekufa? Hayo yalikuwa maswali ya haki. Kuwa na wasiwasi katika siku kama zile si ujinga.

Lakini tazama kalenda. Machi ni mwezi wa mvua. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Madimbwi hujaa, mbu huzaliana, malaria hupanda. Wilaya ya Nchelenge ni mojawapo ya sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kabisa. Basi habari za korona zilifika wakati ule ule ambao homa huwa nyingi majumbani. Homa ni dalili ya korona. Homa pia ni dalili ya malaria. Hapo ndipo hatari inapojificha.

2. KWA MACHO HUWEZI KUTOFAUTISHA

Malaria huleta homa, kutetemeka kwa baridi, jasho, maumivu ya kichwa na ya viungo, uchovu, na mara nyingi kutapika. Korona huleta homa, maumivu ya kichwa na ya mwili, uchovu, kikohozi, maumivu ya koo, na wengine hupoteza uwezo wa kunusa. Ukilinganisha orodha hizo mbili utaona kwamba nusu yake ni ile ile. Mtoto mwenye malaria anaweza kukohoa. Mtu mwenye korona anaweza kutetemeka. Tena mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo jirani hawezi kujua kwa kutazama, mchungaji hawezi, na hata muganga hawezi bila kipimo. Kipimo cha malaria ni chepesi: kidole huchomwa, tone moja la damu hutiwa, na baada ya dakika 15 hadi 20 jibu hutoka. Kipimo hicho kinatafuta malaria peke yake. Hakisemi lolote juu ya korona.

3. WOGA UNAVYOUA

Haya si maneno ya kutishana. Tuna mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa kwetu Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Iliendelea karibu miaka miwili, hadi 25 Juni 2020, na kuua watu zaidi ya 2,200. Katika mji wa Beni watu wenye homa walipimwa katika vituo vya Ebola. Ilionekana kwamba mpaka nusu ya waliopimwa hawakuwa na Ebola, walikuwa na malaria tu. Kwa sababu hiyo mwezi wa Novemba 2018 serikali na mashirika walianza kugawa dawa za malaria na vyandarua mjini humo, katika kazi iliyolenga watu wapatao 450,000. Kila homa ya malaria iliyozuiwa ilikuwa ni mtu mmoja asiyelazimika kwenda kukaa na washukiwa wa Ebola.

Mfano wa pili ni wa dunia nzima. Mwezi wa Aprili 2020 wataalamu walionya kwamba kama kazi ya malaria ingesimama kwa ajili ya korona, vifo vya malaria katika Afrika kusini ya Sahara vingeweza kuwa mara mbili. Nchi nyingi zilisikia onyo hilo zikaendelea kugawa vyandarua na dawa, na jambo hilo baya halikutokea. Hata hivyo hasara ilikuwepo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba malaria iliua watu 627,000 mwaka 2020, yaani 69,000 zaidi ya mwaka 2019. Kati ya hao walioongezeka, karibu 47,000 walihusishwa na huduma zilizovurugika wakati wa korona. Wengi wa wanaokufa kwa malaria Afrika ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Hao 47,000 hawakuuawa na korona. Wengine hawakupata huduma kwa sababu ilikuwa imepungua, na wengine kwa sababu waliogopa kuifuata. Huduma ikipungua, wewe na mimi hatuna nguvu kubwa. Lakini juu ya woga tuna nguvu.

4. MALARIA HAINGOJI

Vijidudu vya malaria huingia katika damu na kuongezeka upesi. Huharibu damu, ndiyo maana mtoto hupauka na kukosa nguvu. Vikifika kuziba mishipa midogo ya ubongo, mtoto hushikwa na degedege au kupoteza fahamu. Aina ya malaria tuliyo nayo zaidi huku inaweza kumfikisha mtoto mdogo kwenye hatari ya kufa katika muda wa saa 24 tu tangu homa ianze.

Sasa fikiri. Mzazi anayesema "tungoje siku tatu tuone kama ni ule ugonjwa" anadhani anamlinda mtoto. Kumbe siku hizo tatu ndizo siku za dawa. Dawa ya malaria inayotumika Zambia, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Coartem, humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula. Ikianzwa mapema hufanya kazi vizuri.

5. MASWALI YANAYOULIZWA

Swali: Kile chombo cha kupima joto kwenye paji la uso kinaweza kunidhuru? Kinajua kama nina korona?

Jibu: Hakidhuru. Kinapokea tu joto linalotoka mwilini. Hakijui ugonjwa gani umeleta joto hilo. Kikionyesha joto, ni sababu ya kupimwa zaidi. Si hukumu.

Swali: Tulisikia kwamba dawa za malaria zinatibu korona. Je, nikimeza nyumbani si nitakuwa nimejikinga na yote mawili?

Jibu: Hapana. Mwaka 2020 klorokwini na dawa ya jamii yake zilisifiwa sana katika nchi nyingi. Zilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi wa korona hospitalini, zilionekana hazipunguzi vifo, na majaribio hayo yakasimamishwa mwezi wa Juni na Julai mwaka huo huo. Tena ukimeza dawa bila kupimwa unaweza kuficha ugonjwa, kujidhuru, na kumaliza dawa ambayo mgonjwa wa kweli anaihitaji.

Swali: Na chai ya majani ya artemisia?

Jibu: Ni kweli kwamba dawa za malaria za siku hizi zilitokana na mmea huo. Mwezi wa Aprili 2020 Madagascar ilitoa kinywaji chenye artemisia ikisema kinazuia korona, lakini jambo hilo halijathibitika. Kwa malaria vilevile, Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani. Kikiwa kidogo, homa inashuka kidogo na vijidudu vinabaki.

Swali: Kwa nini maneno ya wakubwa yalikuwa yanabadilika? Kwanza walisema barakoa si kwa watu wote, baadaye wakasema tuvae. Tuwaamini vipi?

Jibu: Ugonjwa ulikuwa mpya na wenye elimu walikuwa bado wanajifunza. Hadi tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri barakoa kwa wagonjwa na wanaowahudumia. Siku hiyo lilishauri watu wote wavae za kitambaa mahali ambapo hawawezi kuachana nafasi. Yafaa kumwogopa zaidi mtu ambaye tangu siku ya kwanza ana jibu la kila kitu na habadilishi kamwe. Lakini juu ya malaria elimu ni ya siku nyingi: mtu mwenye homa apimwe.

Swali: Nikiwa na ugonjwa mpya, watanitenga?

Jibu: Inawezekana, na hatutakudanganya. Mtu aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza huweza kuombwa akae peke yake kwa siku kadhaa ili asiwape wengine. Una haki ya kuuliza: Nitakaa wapi? Siku ngapi? Nani ataniletea chakula? Mzazi anaweza kukaa na mtoto? Uliza kwa utulivu, na kama hukuelewa lugha, omba mkalimani. Kutengwa huisha baada ya siku hizo. Mtoto aliyekufa kwa malaria harudi.

Swali: Je, mambo haya ni ya korona tu?

Jibu: Hapana. Tarehe 14 Agosti 2024 mpox ilitangazwa kuwa dharura ya dunia, baada ya kuenea sana Kongo, na Oktoba mwaka huo Zambia ilipata mgonjwa wake wa kwanza. Dharura hiyo ilitangazwa kuisha Septemba 2025. Mpox nayo huleta homa, ingawa huonyesha pia vipele. Ugonjwa mwingine mpya utakuja siku moja, na huenda nao ukaanza na homa. Malaria itakuwa bado ipo hapa.

6. UFANYE NINI

- Homa ikianza kwako au kwa mtoto, nenda kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Kama kuna mhudumu wa afya wa jamii mwenye kipimo karibu nawe, anza kwake.
- Kama una kikohozi pia, funika mdomo kwa kitambaa au barakoa, kaa nje penye hewa kando ya wengine, na umwambie mhudumu mapema. Hapo umewalinda watu na umepata huduma.
- Usingoje asubuhi ukiona dalili hizi: degedege, kupoteza fahamu, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kupauka sana, au mkojo mweusi. Amsha majirani. Mtoto apelekwe usiku huo huo.
- Mwanamke mwenye mimba aseme kwamba ana mimba kabla ya kupewa dawa.
- Maliza dawa zote, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Usimwekee mtoto mwingine.
- Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usiondoke na kukaa kimya. Uliza: basi homa hii ni ya nini?
- Lala ndani ya chandarua kila usiku. Chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia samaki ziwani Mweru.
- Usimcheke wala kumkimbia jirani aliyetoka kliniki. Ukimtangaza leo, kesho yeye na wenzake wataficha homa zao, na watoto wako wanacheza pamoja na watoto wao.

Ndugu zetu, wengi wetu tulivuka mpaka tukiwa tumebeba watoto mgongoni, tukaacha nyumba na mashamba ili wao waishi. Tusiwapoteze kwa sababu ya maneno ya watu. Yule atakayesoma karatasi hii amsomee na jirani asiyejua kusoma, hasa mwenye mtoto mdogo. Kama una swali ambalo halimo humu, mwulize mhudumu wa afya wa jamii anapopita kwenu, au uliza pale kliniki.