Mpunga wa Maniema na barabara isiyo na mwenyewe

Baiskeli inayoteremka Alunguli ikitoka vijijini haipandwi. Imefungwa mti mrefu kwenye usukani na mwingine umesimamishwa nyuma ya kiti, na katikati ya miti hiyo magunia ya mchele yamepangwa mpaka yanamfikia mwenyewe mabegani. Anaisukuma. Penye mlima anatafuta mwenzake wa kumsaidia. Penye mteremko anaizuia kwa mwili, kwa sababu breki hazina kauli mbele ya mzigo kama huo. Akifika ukingoni, magunia yanafunguliwa na kushushwa mtumbwini, baiskeli inalazwa juu yake, na safari ya kuvuka Lualaba inaanza. Ng'ambo ya pili ndiko kwenye kitovu cha Kindu: masoko, stesheni ya treni, ofisi za jimbo. Daraja hakuna.

Katika ofisi hizo imo wizara ya kilimo ya jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo, na chini yake wamo wakaguzi, wataalamu wa kilimo wa teritwari saba za jimbo, na mwisho wa ngazi kabisa monitere wa kilimo, yule anayekaa kwenye sekta na kuwajua wakulima kwa majina. Kwenye karatasi ngazi hiyo haina hata kidato kimoja kilichopungua. Tatizo ni njia ya kutoka ofisini hadi kwa yule anayesukuma baiskeli, na njia hiyo ina historia ndefu.

Mpunga haukuja Maniema na serikali. Uliletwa katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani na wafuasi wao walioitwa Waungwana, ukaota vizuri kwenye mashamba yaliyofyekwa msituni pasipo umwagiliaji wowote. Askari waliokuwa chini ya maofisa Wabelgiji walipouteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, Sidney Hinde, alistaajabu kukuta mashamba mapana ya mpunga, mahindi na miwa. Wakoloni walimkuta mkulima anayejua kazi yake. Walichomletea wao ni amri.

Sheria ya kilimo cha lazima ilitoka mwaka 1917. Mwanakijiji alipangiwa alime nini, ukubwa gani, na auze kwa nani. Baadaye kazi hiyo ikawekewa kiwango cha siku 60 kwa mwaka, na Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto siku zikaongezwa mwaka 1942 hadi 120. Aliyekaidi alitozwa faini, alifungwa au alichapwa. Mpunga huo ulilisha migodi ya bati ya Kalima na kwingineko, pamba, iliyolazimishwa vilevile, ikaenda kwa makampuni, na njia za kusafirishia hazikusahauliwa: reli ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo ilikuwa imeshafunguliwa tangu 1911, na barabara zilitunzwa na makantonye, vibarua wa vijijini waliopewa kila mmoja kipande chake cha kufyeka majani na kuzibua mifereji.

Wazee wanaposema kwamba zamani barabara zilikuwa nzuri, wanasema kweli, ila ukweli huo una kovu. Barabara ile haikuwa msaada kwa mkulima. Ilikuwa mkono wa kumfikia.

Uhuru ulipofika, fimbo iliondoka, na kadiri miaka ilivyopita barabara nayo ikaondoka. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa biashara na mashamba ya wageni na kuyagawa kwa wananchi wake. Maduka ya wanunuzi, malori na mashine za kukobolea zikaangukia mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuwa na mtaji wala nia ya kuendesha biashara ya mazao. Katika miaka hiyohiyo kilimo kilitangazwa kuwa kipaumbele cha vipaumbele. Tangu hapo kila utawala umekuwa na kaulimbiu yake, na ya Rais Félix Tshisekedi inasema ardhi ya juu itailipizia kisasi ardhi ya chini, yaani mashamba yaishinde migodi. Ni kaulimbiu nzuri ya kuandika kwenye kitambaa.

Hesabu zina lugha nyingine. Mwaka 2003 mjini Maputo, Kongo iliahidi pamoja na nchi nyingine za Afrika kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa ajili ya kilimo, na ahadi ikarudiwa Malabo mwaka 2014. Kinshasa imekaa chini ya kiwango hicho mwaka baada ya mwaka. Tarehe 24 Desemba 2011 ilitiwa saini sheria ya misingi ya kilimo, yenye kifungu kinachounda mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Mkulima wa teritwari ya Kibombo au ya Kailo hakopi kwenye mfuko huo. Anakopa kwa mfanyabiashara, mpunga ukiwa bado kijani shambani, na wakati wa mavuno analipa kwa bei aliyopangiwa na mkopeshaji.

Fedha zilipopatikana kwa wingi, zilikwenda kwingine. Mwaka 2014 serikali ilizindua shamba kubwa la Bukanga-Lonzo, hekta 80,000 magharibi ya nchi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kindu, likiwa na matrekta, mwekezaji wa Afrika Kusini na ahadi ya kulisha Kinshasa. Waziri mkuu wakati huo alikuwa Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu. Kufikia 2017 shamba lilikuwa limekwama. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu Matata Ponyo kifungo cha miaka kumi pamoja na kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha za mradi huo, takriban dola milioni 245. Yeye amekana mashtaka tangu mwanzo, na mawakili wake wanasema hukumu ni ya kisiasa. Kindu, mji uliomchagua kuwa mbunge, una watu wa kumtetea na watu wa kumlaumu, na mjadala huo unaweza kuchukua jioni nzima. Kwa mwenye baiskeli jambo ni jepesi zaidi: hata kama Bukanga-Lonzo lingefanikiwa, lisingepunguza hata shimo moja kati ya Kasongo na Alunguli.

Msaada uliomfikia mkulima ulikuja kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa 2008 Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, ambao Wakongo wanauita FIDA kwa kifupi chake cha Kifaransa, uliidhinisha mradi wa kufufua kilimo cha Maniema. Jina lake ni refu. Watu wakalifupisha kuwa PIRAM. Ulikuwa mradi wa jimbo hili peke yake, jambo la nadra kwa Maniema, ambayo imezoea kuona miradi ikipita pembeni. Ule wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 kwa ajili ya Maziwa Makuu, ulioidhinishwa 2016, ulilenga hasa Kivu Kusini na Tanganyika, majirani wawili wa Maniema.

PIRAM ulishughulikia mbegu, vyama vya wakulima, na barabara za mashambani. Kwenye mbegu hoja ilikuwa wazi. Mpunga unaorudiwa kupandwa mwaka hata mwaka kutoka ghala lilelile huchanganyika na kupungua nguvu, na Kongo haina sababu ya kukosa mbegu bora: kituo cha utafiti cha Yangambi, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, ndicho kilichozaa OS6, mpunga wa nchi kavu uliosafiri mpaka Nigeria na kulimwa huko kwa miaka mingi. Lakini mbegu ina ratiba yake. Ikifika baada ya mvua kushika, mkulima ameshapanda alichonacho, na mfuko wa mbegu bora unaishia chunguni. Kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu mtu kwa kuwa na njaa.

Ni kwenye barabara ndipo mradi ulipoonyesha uwezo wake na mwisho wake. Barabara ya udongo katika nchi ya mvua kama Maniema haiharibiwi na umri. Inaharibiwa na maji yaliyokosa pa kwenda. Mfereji ukiziba, maji yanapanda katikati ya njia, lori moja linapita na kuchimba mfuo, mvua ya kesho inaugeuza mfuo kuwa handaki, na baada ya misimu miwili lori halipiti tena. Tiba yake inajulikana tangu enzi ya makantonye: watu wenye majembe na mapanga, kila wiki, na nguzo ya kuyazuia malori kwa saa kadhaa baada ya mvua mpaka udongo ukauke. Siku hizi kazi hiyo hupewa kamati za vijiji zinazoitwa CLER, zinazolipwa kwa kila kilomita zinayoitunza.

Zinalipwa maadamu mradi upo. PIRAM ulifungwa baada ya takriban miaka kumi. Mradi unapofungwa, magari yanakabidhiwa, ripoti inaandikwa, na kamati inabaki na majembe bila malipo. Nguzo ya mvua nayo ina tabia yake: pasipo mtu wa kuilipa, hujifunza kujilipa. Ileile iliyowekwa kuilinda barabara huanza kumtoza mpita njia, na karibu yake husimama nyingine ya ofisa huyu, ya askari yule, ya ushuru wa sekta. Kila gunia linapunguka kidogo kidogo hadi kufika mtoni.

Upande wa kushoto wa mto kuna treni, na ungetegemea mkulima wa Kibombo awe na ahueni, kwa kuwa reli inapita kwao. Lakini treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, haina siku. Abiria wa Lubumbashi hubeba chakula cha safari wasiyojua itakwisha lini, na mfanyabiashara mwenye tani za mchele hawezi kupanga bei juu ya ratiba ya namna hiyo. Kaskazini, boti za mbao zinashuka hadi Ubundu, ambako maporomoko yanalazimisha mzigo kuhamia njia nyingine ili ufike Kisangani.

Kwa hiyo kijana anapiga hesabu yake. Mpunga unahitaji miezi minne au mitano, kisha baiskeli, mtumbwi na nguzo. Dhahabu na kasiterite, yaani madini ya bati, huchimbwa leo na kununuliwa leo, palepale shimoni, na gramu chache za dhahabu hazihitaji barabara. Huko Kalima, Kabambare na Punia mashimo yamejaa vijana waliolelewa kwenye mashamba ya mpunga. Viongozi hupenda kusema vijana wamekuwa wavivu. Mtu anayeshinda ndani ya shimo la matope mita kadhaa chini ya ardhi anaweza kuitwa majina mengi, lakini si mvivu.

Tangu 2022 macho yameelekezwa kwenye mpango wa serikali wa teritwari 145, saba kati yake zikiwa za Maniema. Humo mna shule, zahanati, majengo ya utawala na, kwa upande wa mkulima, barabara za mashambani. Pia upo mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulioundwa mwaka 2008 na kulishwa na tozo ya mafuta ya magari pamoja na ada za barabarani. Jimbo lenye magari machache linachangia kidogo kwenye mfuko huo, na katika mgawanyo sauti yake ni ndogo vilevile, ijapokuwa ndilo lenye njia mbovu zaidi za kutengenezwa.

Yanayotakiwa si ya ajabu. Monitere wa sekta anahitaji mshahara unaofika na pikipiki yenye mafuta, ili aone shamba kabla ya mvua badala ya kusaini orodha baada ya mavuno. Katiba ya 2006 inayapa majimbo haki ya kubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, kanuni ambayo Kinshasa haijawahi kuitekeleza kikamilifu, na bunge la jimbo lina uwezo wa kuandika katika bajeti yake mstari wa kuzilipa kamati za barabara kila mwezi, uwepo mradi au usiwepo. Kiasi chenyewe kwa kilomita ni malipo ya vibarua wachache wa jembe. Swali ambalo wabunge wa Kindu hawajalijibu ni nani atakayezilipa kamati hizo katika msimu wa kwanza wa mvua baada ya wakandarasi wa teritwari 145 kupakia mitambo yao na kuondoka.