Sumu Isiyouawa na Moto

Kila anayeishi kando ya Ziwa Victoria amefundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Funzo hilo limewaokoa wengi na kipindupindu na homa ya matumbo, na lisiachwe. Lakini ziwani kuna sumu isiyoogopa moto. Inaitwa mikrosistini. Maji yenye utando wa kijani yakichemshwa, seli zilizoibeba hupasuka na kuimwaga ndani ya sufuria.

Utando huo watu huuita mwani, ingawa wanaoutengeneza ni bakteria, jamii ya sainobakteria, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mashuhuri zaidi ni Microcystis. Ndani ya seli zake mna vifuko vidogo mno vya gesi vinavyomwezesha kuelea, na hapo ndipo joto linapomfaa. Maji ya juu yakipashwa na jua huwa mepesi, yakakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Diatomu, mwani ambao kwa kawaida hauna madhara, huzama kwenye giza. Microcystis hubaki juu akiota jua. Hustawi sana joto la maji likizidi nyuzi 25, na Ziwa Victoria, linalokatwa na mstari wa ikweta, halina majira ya baridi kali ya kumpunguza kasi.

Halikuwa hivi zamani. Mtafiti Mwingereza J. F. Talling alipolichunguza ziwa mwaka 1960 na 1961, diatomu zilikuwa tele. Miaka 30 baadaye, Rose Mugidde wa Uganda alionyesha kwamba uzalishaji wa mwani umeongezeka takriban maradufu. Kufikia wakati huo sainobakteria walikuwa wameshika usukani.

Joto huongeza kasi tu. Chakula tunawapa sisi. Sainobakteria hula fosforasi na naitrojeni, na vyote viwili tunavimwaga ziwani bila kipimo. Mto Nyando hushusha udongo wa mashamba hadi Ghuba ya Winam, Kisumu. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya Kampala hadi Ghuba ya Murchison, ghuba ileile ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji hilo. Tena kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: anga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ukiongozwa na Mtanzania Rashid Tamatamah, ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka hewani, ikishuka pamoja na vumbi, majivu na mvua. Anayechoma shamba mbali kabisa na ufuko naye anawalisha sainobakteria. Lawama haiwezi kuachiwa viwanda na manispaa peke yake.

Winam ndiyo inayotia wasiwasi zaidi. Ni ghuba ya kina kifupi, iliyoungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga, hivyo kinachoingia hukawia kutoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliikuta mikrosistini ndani ya samaki wadogo wa ghuba hiyo. Jambo hili si dogo. Sangara na sato hutumbuliwa kabla ya kupikwa, na sumu hujikusanya zaidi kwenye ini na matumbo. Dagaa, yaani omena wa Kisumu, huliwa mzima, na ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo. Sumu hii hushambulia ini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa ya kila siku yasizidi mikrogramu moja ya mikrosistini kwa lita.

Sumu hii ikiingia mwilini nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, maji ambayo hayakusafishwa ipasavyo yalitumika kwenye mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, na zaidi ya 50 wakafa. Agosti 2014, karibu watu nusu milioni wa Toledo na viunga vyake, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba yatokayo Ziwa Erie, wala wasiyachemshe.

Utafiti wa mwaka 2019 uliopitia picha za setilaiti za maziwa makubwa 71 katika nchi 33 uligundua kuwa kwa zaidi ya theluthi mbili ya maziwa hayo, kilele cha ukijani kimezidi tangu miaka ya 1980. Yaliyopata nafuu ya kudumu ni yale ambayo joto lake lilipanda kidogo. Maana yake ni kwamba kadiri dunia inavyopata joto, itabidi tupunguze uchafu zaidi ili kupata nafuu ileile.

Wakati tukisubiri hilo, msomaji wa kandokando ya ziwa asichote maji palipo na utando, asiwaache watoto kuoga wala ng'ombe kunywa hapo, na samaki mkubwa amtumbue vizuri, ini alitupe. Mamlaka za maji za Kisumu, Mwanza na Kampala nazo zipime sumu hii mara kwa mara na kuyatangaza majibu redioni, kwa lugha ambayo mchota maji anaielewa.