Karatu Ikiwaka Maua, Hata Simba Anangoja

Mbogi yoyote ya Nairobi ikipanga form ya Ngorongoro, stori ni ile ile: simba, kifaru, ndovu, picha, tumerudi. Miti hakuna msee anaitaja. Sisi tumezoea mti ni kivuli cha kungojea mathree. Lakini manze, panda hiyo barabara ya kutoka Arusha kuelekea Karatu mwezi wa Oktoba hivi, ndio ujue maua yanaweza kunyamazisha ndai nzima ya watu wenye mdomo.

Ni kama kilomita 140, lami swafi. Mto wa Mbu, hapo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, unaanza kucheki mibuyu imesimama kwa mteremko. Mbuyu hauna haraka na wewe. Ua lake ni jeupe, kubwa, linaning'inia, na linafunguka jioni giza likiingia, juu wateja wake ni popo. Ukipita mchana unapata maua yameshaanguka chini, yamebadilika rangi. Basi tukapanda kona za ukuta, tukaacha ziwa Manyara huko chini, na hewa ikaanza kuwa ya baridi.

Karatu yenyewe ni mji wa udongo mwekundu. Ukivaa viatu vyeupe umejitafutia. Hapo ndipo ngori ilianza, juu jakaranda zilikuwa zimewaka zambarau kando ya barabara na mmoja wetu akaropoka ati hizi si kitu, jakaranda ya ukweli iko Nai. Dere wetu alikuwa chalii wa Chuga, yaani Arusha, hawezi kuachia kitu kama hiyo ipite.

"Oya wana, mnazingua," akasema, hata gia hajabadilisha. "Jakaranda za Arusha ndiyo baba lao. Nyinyi Nairobi mna moshi wa magari tu, ua linapaukia juu ya mti."

Tukabonga hiyo mambo hadi karibu tupitilize mahali pa kula. Kitu ya kuchekesha ni kwamba wote tulikuwa tunapigania mgeni. Jakaranda ni mti wa Amerika Kusini, uliletwa huku enzi za wakoloni kupamba barabara zao. Sisi tumeurithi, tumeupenda, na sasa tunataka kupigana juu yake mpakani.

Ukitaka kujigamba na kitu ya Afrika, Karatu iko nayo. Nandi flame, ile Waswahili wa Pwani wanaita kibobakasi, imejaa kwa maboma ya watu na kwa mageti ya lodji. Rangi yake ni chungwa imekolea hadi inaingia nyekundu, na kila ua lina mstari mwembamba wa njano kwa ukingo, kitu huwezi kuona ukiwa kwa gari. Shuka, okota moja. Halafu tafuta tumba ambalo halijafunguka, lile limepinda kama kidole. Ndani limejaa maji. Watoto wa hapo wanajua hiyo rada kitambo: wanakata ncha, wanaminya, na maji yanakupata kwa shati ukiwa bado unatafuta engo ya picha.

Ile nyingine ilinimaliza ni muhuti, hivyo ndivyo shosho yangu anauita. Huo mti kwanza unamwaga majani yote, unabaki mifupa, watu wanadhani umekufa, kisha unatoa maua mekundu kwa matawi makavu. Ndege aina ya chozi wanakuja kunyonya asali yake. Kuna pia mringaringa, maua meupe, nyuki wamejaa, na wakulima wengi hawaukati hata wakisafisha shamba, juu unatoa mbao safi na kahawa inapenda kivuli chake.

Na kahawa pia ni maua, usisahau. Huku kwa miteremko ya Oldeani, settla wa Kijerumani walianza mashamba kwa miaka ya 1920, na mibuni bado iko. Kahawa inakaa kimya wakati wa kiangazi, halafu mvua nzuri ikishuka, siku chache baadaye shamba lote linageuka jeupe. Harufu yake ni ya asumini, unaiskia hadi barabarani. Ila haidumu, siku mbili tatu maua yameisha. Ukiipata umeomoka, ukiikosa hakuna mtu atakurudishia doh.

Sasa tuingie geti la Ngorongoro. Lodoare ndipo lami inaisha na msitu unaanza, na ukungu unakuja bila kuuliza. Miti imevaa zile kuvumwani za kijivu zinaning'inia kama ndevu, na matawi yanadondosha maji hata kama hakujanyesha. Ukifika ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, unacheki chini mita 600 hivi. Hiyo ni kreta, sakafu ya kama kilomita za mraba 260. Hifadhi yote ya Ngorongoro, UNESCO waliiandika kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1979. Hiyo kreta sitajaribu kuielezea, macho yako yafanye hiyo kazi.

Safari nyingine nilishuka kwa barabara ya Seneto baada ya masika, na hapo chini ndipo nilipata picha kali kuliko zote. Zambarau, manze, zambarau eka na eka, pundamilia wamesimama katikati. Pembeni kuna njano. Nilikuwa tayari kutupia mtandaoni na maneno ya bustani ya Edeni. Dere akanicheki kwa kioo, akacheka.

"Chalii wangu, hiyo siyo bustani. Hilo gugu. Angalia kama kuna mnyama anakula."

Nikaangalia. Pundamilia walikuwa wanapita ndani yake kutafuta majani mengine. Ile zambarau wataalamu wanaiita Gutenbergia cordifolia, na njano ni Bidens schimperi. Hazikuletwa na meli kama jakaranda, ni mimea ya Afrika hii yetu. Lakini zimetanda kwa sakafu ya kreta hadi zinafinya nyasi, na wale wanyama wanaokula majani wanazikwepa. Wamasai walihamishwa kutoka kuishi chini ya kreta mwaka wa 1974, na ule mtindo wa kuchoma nyasi kuukuu ukazimwa kwa miaka mingi. Moto ulirudishwa baadaye kwa mpango, lakini magugu yalikuwa yameshapata mahali.

Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro imekuwa ikifyeka na kung'oa. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, pale Arusha, nao wamejaribu dawa ya mimea: desmodiamu, ule mmea wakulima wa magharibi mwa Kenya wanapanda katikati ya mahindi kupigana na gugu la kayongo. Waliona inapunguza nguvu ya Gutenbergia. Hiyo kwangu ni stori kubwa kuliko simba aliyelala, na hakuna aliyenibongea kabla niende.

Kabla ya kupanda juu tena unapita msitu wa Lerai. Ni migunga, shina la njano linalong'aa hata kukiwa na mawingu, na maua madogo ya mviringo yanayonukia. Huo nao umepungua sana, juu ya chumvi kwa udongo na ndovu wanaobambua maganda. Migunga mingi imekufa ikiwa imesimama. Piga picha ya hiyo pia, usichague tu yenye inapendeza.

Sasa, kama unaenda: Oktoba na Novemba ni za jakaranda, baada ya masika ni za rangi ya kreta, na kahawa inafuata mvua. Beba kitambulisho au pasi, juu bei ya mwana Afrika Mashariki ni ya shilingi na ni ya chini sana kuliko ya watalii wa majuu. Chini ya kreta hauruhusiwi kushuka gari ovyo, ni sehemu za mapumziko tu kama Ngoitokitok, na hapo ficha chapo yako, mwewe hawana aibu. Using'oe ua hifadhini hata kama ni gugu, wacha wenye kazi wafanye. Na beba sweta nzito, mbili kama ziko, juu ile baridi ya ukingoni haijui wewe ni wa Nairobi ama wa Chuga.