Mzabibu wa uani: Utambue kabla ya kula

Umehamia nyumba yenye uani Kariakoo au Upanga, ukutani umetambaa mmea wenye vichala kama zabibu. Usikimbilie kula, na watoto wasichume kwanza.

Anza na jani. La mzabibu ni moja, pana kama kiganja, lenye meno pembeni. Likiwa nene na lenye majimaji, au limegawanyika kuwa vijani kadhaa, huenda huo ni ndugu yake wa porini. Matunda ya baadhi yao huwasha mdomo na koo.

Tazama shina. La mzabibu mkubwa ni gumu, na gome lake hubanduka kama nyuzi.

Kisha pasua tunda. Zabibu huwa na mbegu 1 hadi 4 zenye umbo la tone, ingawa zipo aina zisizo na mbegu kabisa.

Bado una shaka? Usionje. Mpelekee bwana shamba tawi lenye majani na kichala.

Akithibitisha ni zabibu, ladha itakuambia matumizi. Zenye ganda laini, kula hivyo hivyo. Zenye ganda gumu na mbegu nyingi, kama zabibu nyingi za mvinyo zinazolimwa Dodoma, chemsha, ponda na uchuje upate juisi au jemu.

Ila usichume mapema. Embe likichumwa limekomaa huivia ndani. Zabibu ikishakatwa haiongezi utamu. Ikiwa chachu leo, iache mtini.