Sufuria ya Kupikia Polepole: Chagua Vizuri, Lipa Salama

Makaa yakipanda bei, chakula cha kwanza kupungua mezani ni kile kinachokaa motoni muda mrefu: maharagwe, githeri, matumbo, kuku wa kienyeji. Si kwamba maharagwe yenyewe ni ghali sana. Shida ni moto. Na mara nyingi moto huo unaishia hewani kwa sababu ya chombo: sufuria nyepesi, mfuniko usiokaa vizuri, au chungu chenye ufa ambao muuzaji hakuutaja.

Leo tunaongea na wewe uliye Kitale, Bungoma na njia yote ya katikati, kutoka Kiminini hadi Webuye. Tutaangalia mambo mawili: jinsi ya kuchagua chombo kizuri cha kupikia polepole bila kumaliza mfuko, na jinsi ya kukilipia kwa simu bila kupoteza pesa njiani.

Kwa nini maharagwe ya Kitale yanachelewa kuiva

Kama una ndugu Mombasa, huenda umewahi kushangaa maharagwe yakiiva kwake mapema kuliko kwako. Si uchawi. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Mombasa yanachemka kwa nyuzi 100, Bungoma karibu nyuzi 95, na Kitale karibu nyuzi 94. Ukiongeza makaa, maji yatatokota kwa fujo na kukauka haraka, lakini hayatapata joto zaidi ya hapo.

Kwa hivyo huku kwetu haisaidii kuwasha moto mkubwa. Kinachosaidia ni chombo kinachoshika joto na mfuniko unaozuia mvuke kutoroka.

Vyombo utakavyovikuta sokoni

*Sufuria nyepesi ya alumini.* Ndiyo ya bei ya chini na ipo kila duka. Kwa chai na ugali wa watu wawili inatosha. Kwa maharagwe inachosha: inapata moto haraka, inapoa haraka, na chini panaungua ukigeuka kidogo tu kumwangalia mtoto.

*Sufuria nzito ya alumini.* Hii ndiyo tunayoona inafaa nyumba nyingi. Inagawa joto vizuri, inakaa miaka, na inafanya kazi kwenye jiko la makaa, gesi na hata kuni. Lakini nunua yenye jina la kiwanda lililopigwa chapa. Sufuria zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa sababu anayeyeyusha huchanganya chochote kilichopo, pamoja na vipuri vya magari. Utafiti wa sufuria za aina hiyo kutoka Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta risasi ikitoka kwenye sufuria kwa kiasi kinachoweza kuingia kwenye chakula. Risasi huumiza zaidi watoto wadogo, na huwezi kuionja wala kuinusa.

*Chungu.* Mama zetu hawakukosea. Chungu kinapata moto polepole na kinaupoteza polepole, na hicho ndicho kinachotakiwa kwa mrenda, saga, kunde na miro inayopikwa leo, ikaongezwa maziwa, ikapashwa tena kesho. Kuna sababu nyingine watu wengi hawaijui. Ukipika mboga kwa munyu wa majivu au kwa magadi, maji hayo hula alumini, na ndiyo maana sufuria inageuka nyeusi ndani. Chungu hakina shida hiyo. Ubaya wake ni kwamba kinavunjika, na hakipendi gesi yenye moto mkali.

*Sufuria nzito nyeusi za chuma na kaseroli za kupakwa rangi ya kioo.* Ni nzuri, lakini bei yake ni ya juu na uzito wake si mchezo. Ukipata ya mtumba iliyo nzima, fikiria. Na usichanganye na bakuli la kioo la oveni: ukiliweka hilo juu ya makaa litapasuka.

Ukubwa gani?

Maharagwe makavu yakiiva hujaa zaidi ya mara mbili, halafu kuna mchuzi na nafasi ya kutokota. Kwa nusu kilo, tafuta chombo cha lita 3. Kwa kilo moja, lita 5. Usinunue seti nzima ya sufuria sita kwa sababu tu ukigawa bei kila moja inaonekana rahisi. Jiulize ni ngapi kati ya hizo utazitumia kila wiki.

Jaribu kabla hujatoa simu

Ukishalipa, kurudisha sufuria ni maneno mengi. Fanya haya ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji:

1. Weka mfuniko uuzungushe. Ukicheza-cheza au ukiona mwanga pembeni, mvuke utapita hapo.
2. Weka sufuria chini pa tambarare, bonyeza pande zote mbili. Ikiyumba, haitakaa vizuri jikoni.
3. Shika vishikio, inua, tikisa. Fikiria ikiwa imejaa chakula cha moto na mtoto yuko karibu.
4. Kama ni chungu, kigonge kwa kidole kilichokunjwa. Kizima hulia vizuri kama kengele ndogo; chenye ufa hutoa sauti butu.
5. Omba maji, ujaze chungu, ngoja kidogo. Unyevu kidogo kwenye udongo si shida. Tone likidondoka, rudisha.

Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, hiki ni pesa ngapi?"
"Mia nane, lakini tutaongea."
"Niwekee maji kwanza nione, halafu tuongee."

Muuzaji anayejua mali yake hatakasirika. Akikataa maji, umepata jibu.

Ya bei rahisi au ya bei nafuu?

Hizi ni bei za mfano tu. Tuseme sufuria nyepesi ni shilingi 600 na nzito yenye mfuniko mzuri ni 1,500. Tofauti ni 900. Tuseme ile nzito inakuokolea makaa ya shilingi 20 kila unapopika maharagwe, na unapika mara mbili kwa wiki. Hiyo ni shilingi 40 kwa wiki. Utarudisha ile 900 ndani ya wiki 23 hivi, yaani kama miezi mitano na kitu. Baada ya hapo faida ni yako, na sufuria bado iko.

Lakini hesabu hiyo inavunjika ukinunua kwa mkopo wa simu. Ada ya mkopo inaweza kumeza akiba ya miezi ya kwanza yote, na ukichelewa kulipa inaendelea. Chombo cha jikoni si dharura. Weka shilingi 150 kila wiki kwenye akiba ya simu au kwenye chama, na kwa wiki 10 una 1,500 bila deni. Ukitaka kuanza leo, chungu kimoja kizuri pamoja na mfuniko wa sufuria ya zamani unaokitosha kitakusogeza.

Wakati wa kulipa

*Uliza kama kuna Till.* Ukilipa kwa Till ya Lipa na M-Pesa, mnunuzi hakatwi ada. Ukituma kwa namba ya kawaida ya mtu, unakatwa ada ya kutuma. Ukinunua vitu vitatu kwa wauzaji watatu, ada hizo zinajumlika.

*Soma jina kabla muamala haujakamilika.* Jina la biashara au la mpokeaji linaonekana kabla pesa hazijatoka. Usione haya kuuliza, "Jina linasema hivi, ndiyo wewe?" Sokoni kuna kelele na namba moja inayokosewa inatosha kupeleka 1,500 yako kwa mtu usiyemjua.

*Ukikosea, fanya haraka.* Kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa. Na ukipigiwa na mtu akidai amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Angalia salio lako kwanza. Ujumbe wa kughushi hauongezi salio. Kama kweli pesa zimeingia, mwambie afuate njia hiyo hiyo ya 456.

*Usifute ujumbe.* Hiyo ndiyo risiti yako. Mfuniko ukikatika kishikio wiki ijayo, una tarehe, kiasi na jina la duka.

*Ukinunua kwa mtu wa mtandaoni.* Hapa ndipo wengi huumia. Uko Kitale, umeona picha ya sufuria nzuri, muuzaji anasema yuko Bungoma na ataiweka kwenye matatu ya jioni, ila utume pesa yote kwanza kwa sababu "zimebaki mbili tu." Tulia. Muombe picha mpya ya hiyo hiyo sufuria, chini ikiwa imegeuzwa juu. Uliza duka liko wapi. Kama una ndugu karibu, mwombe apite. Lipia nauli ya mzigo ukibidi, na sufuria yenyewe uilipie ikiwa mikononi mwako. Mwenye bidhaa ya kweli huwa anakubali mpango fulani. Mwenye picha tu ana haraka.

Na PIN yako haihitajiki na mtu yeyote ili upokee mzigo. Hata sisi hatutakuuliza.

Umefika nayo nyumbani

Chungu kipya kiloweke maji usiku mzima, kisha kichemshie uji mwepesi kwa moto mdogo, kipoe chenyewe, ndipo ukioshe. Kamwe usimwagie maji baridi kikiwa cha moto.

Ukitaka kubana makaa zaidi, tumia kikapu kilichojazwa blanketi na nguo kuukuu: chemsha chakula, funika vizuri, fukia sufuria humo, uondoke. Lakini sikiliza hili kwa makini. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiondoi. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha yachemshe kwa nguvu. Dakika 10 za kutokota ndicho kiwango cha chini kabisa. Kwa sababu ya urefu wa huku kwetu, fanya nusu saa. Ndipo uyaweke kwenye kikapu. Ukiyatoa, yachemshe tena kabla ya kupakua. Maharagwe yaliyopashwa moto nusu nusu yanaweza kutapisha nyumba nzima, na pesa uliyookoa kwenye makaa itaishia kwenye dawa.

Kwa ufupi: chombo kizito, mfuniko unaokaa, maji kabla ya malipo, na jina kabla pesa hazijatoka. Ukienda sokoni Jumamosi hii na hayo manne kichwani, utarudi na sufuria utakayoitumia miaka, na salio ulilolipanga libaki.