Kabla hujalipia programu ya wateja, ipime kwa daftari lako

Mkulima wa mahindi kutoka Mbozi anaingia kwenye yadi ya magari jijini Mbeya mwezi Machi. Anaulizia pikapu, anaacha namba ya simu na kuahidi kurudi akishauza mavuno. Muuzaji anaihifadhi namba hiyo kwenye simu yake binafsi. Ifikapo Agosti mkulima ana fedha mkononi, lakini muuzaji amehamia yadi nyingine na namba ameondoka nayo. Pikapu inanunuliwa kwa jirani.

Hasara za namna hii ndizo zinazowafanya wenye yadi wawasikilize mawakala wa programu za kompyuta za kusimamia wateja. Programu hizo huweka mahali pamoja jina la mteja, gari aliloulizia, bei aliyotajiwa, malipo yake na tarehe ya sevisi. Ni chombo kizuri, lakini si kila chombo kizuri kinafaa kila biashara.

Kwanza, ifanyie majaribio. Usiridhike na maonyesho ya wakala, kwani yeye hutumia wateja wa kubuni. Chukua wateja 10 kutoka kwenye daftari lako, wakiwamo wale wagumu: mwenye laini mbili za simu, aliyeletwa na dalali, kikundi kinacholipa kwa awamu. Mwachie muuzaji wako awaingize mwenyewe. Akishindwa, ujue programu hiyo itaishia kufungwa kabatini.

Pili, angalia msimu. Programu inayomfuta mteja aliyekaa kimya siku 30 haimfai anayewauzia wakulima. Mahindi ya nyanda za juu kusini huanza kuvunwa Juni, na minada ya korosho Mtwara huanza Oktoba. Programu iweze kumkumbusha muuzaji kupiga simu wakati mkulima ana fedha.

Tatu, piga hesabu ya miaka 3, si ya mwezi mmoja. Tuchukue mfano: kila mtumiaji analipiwa Sh 50,000 kwa mwezi, nawe una watumiaji 4. Hiyo ni Sh 200,000 kwa mwezi, sawa na Sh 7,200,000 kwa miaka 3, kabla ya mafunzo na intaneti. Kama faida yako kwa gari moja ni Sh 1,500,000, programu lazima ikuletee mauzo ya magari 5 ya ziada katika kipindi hicho ili irudishe gharama yake.

Nne, uliza kumbukumbu ni za nani. Ukiacha kulipa, utaweza kuzitoa zote? Mtandao ukikatika, kazi inaendelea? Kumbuka pia kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo namba za wateja si bidhaa ya kugawia watu ovyo.

Ukiona hesabu haikubali, usione aibu. Yadi inayouza magari machache inaweza kuanza na laini moja ya simu ya ofisi na daftari lisilotoka mezani. Ukishazoea kuandika kila mteja, programu itakurahisishia kazi. Usipozoea, hakuna kompyuta itakayokuandikia. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.